Ngazi Iliyobaki Nyumbani

Mkaguzi wa nyumba alikuwa fundi wa kuaminika mpaka siku alipopunguza bei. Mtu akitaka kununua nyumba, alimwita kwanza aipekue: kuta, mabomba, nyaya, paa. Lakini washindani walizidi, simu yake ikanyamaza wiki nzima, naye akachapisha kadi: Ukaguzi kamili, nusu bei, majibu siku hiyohiyo. Wateja wakamiminika. Tatizo ni kwamba nusu bei inataka nyumba tatu kwa siku, na nyumba tatu kwa siku hazikupi nafasi ya kupanda darini. Ngazi akaanza kuiacha nyumbani. Paa alilitazama kutoka chini, shingo upande, akaandika: zima. Kalamu nayo haina haya jamani, huandika chochote.

Wa kwanza kwa bei hiyo alikuwa mama mmoja mshonaji, mjane, aliyenunua nyumba kwa akiba ya miaka ishirini. Alimpenda mkaguzi kama mwanawe wa kumzaa. Ripoti aliibandika ukutani juu ya cherehani, akaomba kadi ishirini, na kila aliyekuja kupimwa gauni aliondoka na moja. Akipiga simu alimwambia kizuri chajiuza, mwanangu. Mkaguzi alicheka, kisha akasukuma sahani kando. Methali hiyo ina nusu ya pili, kibaya chajitembeza, na aliyekitembeza alikuwa yule mama.

Asubuhi moja mama alipiga tena kushukuru, akagusia tu kwamba siku hizi kila akiamka anakung'uta unga laini kwenye shuka. Labda vumbi la barabarani. Mkaguzi alilijua vumbi hilo. Akafunga ngazi juu ya gari, akafika akidai ana ukaguzi wa bure kwa wateja wa zamani. Uongo juu ya uongo.

Darini aliichoma boriti kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Wadudu walikuwa wameila yote, na chini yake kilikuwa kitanda cha mama. Alishuka.

"Mama, usilale tena chumba hiki. Boriti imeliwa."

"Mbona uliniandikia nzima?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini: wadudu wameingia juzijuzi. Nani angejua? Lakini kupitia mlango uliokuwa wazi aliiona ripoti yake ukutani, imewekewa hata plastiki isichafuke.

"Sikupanda, mama. Siku ile sikuja na ngazi."

Mama hakufoka. Heri angefoka. Alikaa kitako kitandani, kisha akakumbuka kitanda kiko chini ya nini, akainuka. Mkaguzi aliahidi kubadilisha boriti kwa gharama yake. Mama akaitikia kwamba amesikia. Akaenda kwenye cherehani, akafungua droo ya vifungo, akatoa kadi.

"Zimebaki tatu," alisema. "Na wote niliowapa niliwaambia nakujua."

Mkaguzi aliinamisha kichwa.

Mama akajitanda khanga, akachukua ufunguo.

"Beba ngazi yako. Tunaanza kwa mdogo wangu, amenunua nyumba Ijumaa, ukamkagulia wewe kwa neno langu. Na mlangoni utasema mwenyewe. Mimi nimeshakusemea vya kutosha."