Benchi la Wazee

Benchi la wazee wa kigango alilitengeneza Jilala mwenyewe, kwa mninga aliouangusha, akaupasua mbao na kuupiga randa mpaka ukang'aa. Hakuna aliyemtuma, wala hakudai ahsante. Lakini tusidanganyane: mtu hapigi randa wiki tatu benchi ambalo hana hamu ya kulikalia. Jilala aliutaka uzee wa kigango kuliko alivyopata kutaka ng'ombe, na kwa Msukuma hilo si jambo dogo.

Mwaka ule wa 1953 Padre alitangaza kwamba kila kigango kitakuwa na wazee wanne wa kuwatembelea wagonjwa, kupatanisha wagomvi na kuwatunza wajane. Kazi ya kujitolea, haina hata senti. Kigango chao, kanisa dogo la kijijini, kilikuwa nusu siku kwa miguu kutoka parokiani Samuye. Jumapili ya uchaguzi Padre alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye ndevu, na karatasi ya masharti mfukoni. Katekista Donatus akaisoma kwa sauti.

Mzee awe amebatizwa na kupata kipaimara. Hapo watu walitulia. Awe na ndoa ya kanisa na mke mmoja tu. Wanaume wawili wakakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wao hawajanyweshwa, wakatoka. Asiwe mlevi. Nusu ya upande wa wanaume wakaanza kuchunguza vidole vyao vya miguu. Asiende kwa mfumu kupigiwa ramli. Sasa hata wanawake wakainama.

Jilala hakuinama. Pombe alikwisha kuiacha, kwa mfumu hakanyagi, na mke wake wa ndoa alikuwa Apolonia peke yake. Bomani kwake kulikuwa na nyumba ya pili, ni kweli, ya Mbuke. Huyo alikuwa mke wa Ngassa, kaka yake Jilala, aliyekufa kwa kichomi machimboni upande wa Geita miaka mitatu nyuma. Jilala alimjengea nyumba, akamlimia, akawalisha watoto wake, na usiku akalala kwa Apolonia. Kijiji kizima kilijua hivyo, pamoja na Apolonia, ambaye asingekubali vinginevyo.

Basi akaitwa mbele. Padre, ambaye alijivunia Kisukuma chake kuliko pikipiki yake, akaona amheshimu fundi kwa kumuuliza kwa lugha ya nyumbani.

"Una wake wangapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angeulizwa kwa Kiswahili angejibu mmoja bila kupepesa macho, maana Kiswahili kina shemeji. Nyumbani kwa kina Jilala, mke wa kaka yako unamwita mke wangu, naye anakuita mume wangu, tangu siku anapoingia bomani, na hakuna anayefikiria kitanda. Jilala akajibu kama alivyozoea tangu utotoni.

"Wawili."

Kanisa likaguna. Donatus akaruka kumweleza Padre mambo yalivyo, harakaharaka, mikono ikienda huku na huku. Padre akasikiliza, uso ukalainika. Hakuwa mtu mbaya.

"Basi ni rahisi," akasema. "Yule mama yuko hapa. Sema mbele ya watu wote kwamba si mke wako, nami naandika jina lako."

"Sema tu, Baba Sikujua," Donatus akamnong'oneza Jilala kwa jina la mwanawe. "Neno moja."

Neno moja! Donatus alikuwa Mzinza, mtu wa kuja, hakujua uzito wake. Kwa watu wa pale, mwanamume akisema hadharani kwamba mke wa marehemu si wake, amekwisha kumfukuza. Mwanamke huchukua jembe lake akarudi kwao, na watoto wanabaki. Jilala akageuka kutazama upande wa wanawake. Mbuke alikuwa amempakata Mageni, mtoto wake wa mwisho, akimbana kifuani mpaka mtoto akaanza kulalamika.

Kisha Jilala akalitazama benchi. Lilikuwa benchi zuri. Roho ilimuuma kwelikweli.

"Siwezi, Padre," akasema, akarudi kukaa nyuma.

Mzee wa nne akaandikwa Marcel, mtu mpole ambaye hajawahi kushika randa.

Apolonia hakumsemesha mumewe siku mbili. Siku ya tatu akamwambia, "Umetengeneza benchi la matako ya Marcel." Kisha akampakulia ugali mkubwa kuliko kawaida, na mwingine akaupeleka kwa Mbuke.

Mwezi haujaisha, wazee wanne wakaingia bomani kwa Jilala na kazi yao ya kwanza, karatasi ya majina ya wajane wa kutunzwa, kwa mwandiko wa Padre mwenyewe. Jina la juu kabisa lilikuwa Mbuke, mjane wa Ngassa. Jilala alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Marcel akamwona, akajifanya anakohoa.

"Hujambo, Mama Mageni."

"Sijambo."

"Tumetumwa na kanisa. Wewe ni mjane, tunataka kujua shida zako. Shamba nani anakulimia?"

"Mume wangu."

Marcel akajikuna kichwa. "Na nyumba hii, nani alikuezekea?"

"Mume wangu."

"Lakini mama, karatasi ya Padre inasema wewe ni mjane. Mume gani huyo?"

Mbuke akaonyesha kwa kidevu pale uani.

"Huyo mliyemkataa."

Marcel akatafuta pa kuliandika jibu hilo, akaona karatasi haina nafasi yake, akaikunja. Jilala aliendelea kuchonga mpini, kichwa chini, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka wazee wa kigango wayaone.