Bingwa wa Rimoti ya Sabuni

Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachowashwa kwa njia aliyoikusudia mtengenezaji. Rimoti ya TV haisikii mpaka uipige kofi mgongoni. Feni ilipoteza kitufe cha kuzungushia, sasa tunaiwasha kwa koleo. Mgeni akilalamikia joto, Mama humkabidhi hilo koleo kwa heshima zote, kama anayemkaribisha kiti.

Fundi wa maajabu hayo ni mimi. Sikuyasomea. Sekondari nilimaliza kwa alama ambazo majirani wakiziulizia, Mama hubadilisha mazungumzo. Lakini mikono ninayo, na kazi yake kubwa ilikuwa rimoti ya mchezo: kisanduku cha sabuni cha plastiki, vitufe viwili nilivyovitoa kwenye kengele za mlango zilizokufa, na waya unaoingia kwenye kompyuta kuukuu ya dada yangu. Mchezo wenyewe ni wa helikopta. Kitufe cha juu inapanda, cha chini inashuka, unakwepa minara mpaka uanguke.

Ndivyo ilivyotakiwa. Siku ya kuchomea nyaya nilizipishanisha. Ukibonyeza juu, helikopta inashuka. Ukibonyeza chini, inapanda. Mtu mwenye akili zake angefumua akachomea upya. Mimi niliona ni rahisi zaidi kuupishanisha na ubongo, maana wakati huo haukuwa na shughuli nyingine.

Faida ikaja yenyewe. Vijana wa mtaani walishika rimoti ileile niliyoshika mimi, wakajibamiza kwenye mnara wa kwanza, wakaondoka wakisonya. Mimi napeta tu. Nikajipa jina la Rubani. Mdogo wangu, kitinda mimba mwenye mdomo kuliko umri, akasema, "Rubani wa kisanduku cha sabuni. Hata kuoga huogi vizuri."

Basi dada, anayeng'arisha mawe kwenye karakana ya kutengeneza meza za mawe za jikoni, akarudi na habari. Mwendesha winchi ya kunyanyulia mawe alikuwa anahama.

"Nimekuombea majaribio," akasema. "Nimemwambia msimamizi una mikono mizuri. Ukiniaibisha, tafuta familia nyingine."

"Mwanangu," Mama naye akadakia, "ukiipata kazi hii nitaacha kubadilisha mazungumzo."

Kesho yake nikawa karakanani, viatu vimelowa maji ya msumeno, vumbi la mawe limenigeuza mzee ghafla. Vibao vya mawe vilisimama vimeegemezwa kwenye fremu za chuma, kila kimoja kizito kuliko ukoo wetu. Msimamizi, mwanamke mfupi wa miwani minene, wanamwita Mama Taratibu. Akanionyesha rimoti ya winchi, inayoning'inia kwenye waya wake: kitufe chekundu cha kusimamisha kiko kileleni, kinafuata cha juu, kisha cha chini.

"Hapa kwanza unataja unakokwenda," akasema. "Wenzako wakiitikia, ndipo unabonyeza. Nikisema 'simama', kidole kwenye chekundu, bila kutazama. Umeelewa?"

Nilielewa sana. Ndilo tatizo langu, huwa naelewa sana.

"Juu!" nikapaza sauti kama naongoza gwaride.

"Juu!" karakana ikaitikia.

Nikabonyeza. Mnyororo ukashuka. Kibanio kilichokuwa kimelishika jiwe kikalikalia, na mnyororo ukajikunja juu yake kama misuko iliyofumuliwa.

"Jamani, juu imehamia wapi?" akauliza mkata mawe. Watu wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Alikuwa amevaa barakoa, ila macho yake yalikuwa yameshaanza kunitafutia familia nyingine.

Nikajaribu tena. "Juu!" Yaleyale. Nilikiamuru kidole kipande, lakini kidole kilikuwa na mazoea yake na hakikunitambua.

Hapo likanijia wazo nililoliona la kisomi. Nikaigeuza rimoti kichwa chini, waya wake ukanizunguka kiwiko. Sasa kila kitu kilikuwa kama nyumbani. Jiwe likapanda polepole bila kuyumba. Nikalisogeza kwa mkono kwenye reli ya winchi kama nabeba mtoto aliyelala. Kicheko kikakatika. Dada akavua barakoa. Nikaanza kuhesabu kwamba mwisho wa mwezi nitaanza kutoa ushauri kwa vijana.

"Simama!" Mama Taratibu akasema.

Kidole kikaruka kwenda juu, makao ya chekundu, kikakuta plastiki tupu. Jiwe lilisimama lenyewe kwa sababu nilikuwa nimeachia kitufe, lakini kidole kiliendelea kuikanda ile plastiki.

Akaja mpaka pembeni yangu. "Unatafuta nini huko, mwanangu?"

"Chekundu, mama."

"Kiko wapi?"

"Kiko chini... ya juu."

Akaichukua rimoti, akaliteremsha jiwe mwenyewe. "Umelibeba vizuri, sikunyimi haki yako. Lakini siku ya balaa sitaki mtu anayeanza kukumbuka ameshika rimoti upande gani. Nani amekufundisha hivi?"

Nilikuwa natunga jibu la maana. Dada akaniwahi: "Kisanduku cha sabuni." Akasimulia yote, mpaka koleo la feni. Mama Taratibu alicheka hadi akavua miwani kuifuta.

"Nenda kazirudishe nyaya mahali pake," akasema. "Ucheze mpaka kidole kikubali. Jumatatu urudi. Ukiigeuza tena rimoti yangu, nitakutoa nje kichwa chini hivyohivyo."

Jioni nikafumua. Mama akasikia harufu. "Kinaungua nini?"

"Ubingwa wangu, Mama."

Mzunguko wa kwanza nikajibamiza kwenye mnara wa kwanza. Mdogo wangu akaishika rimoti, akapita minara ambayo sijawahi kuiona. "Kumbe mchezo wenyewe ndio huu?" akasema, akatoka mbio kuwaita vijana wa mtaa. Nyumba ikajaa. Wote wakanipiga bao, mmoja huku anakula. Mimi mwenye rimoti nikawa wa mwisho kwenye foleni ya rimoti.

Kila nikipata zamu nilitaja kwanza: "Juu!" Na chumba kizima, Mama akiwa mlangoni na koleo lake, kikaitikia: "Juu!" Mpaka Jumapili kidole kikasalimu amri.

Jumatatu kazi nikaipata. Mama sasa anawasimulia majirani hata wasiouliza. Jina la Rubani amelichukua mdogo wangu, na sina hoja.

Ila jana rimoti ya winchi ilichelewa kuitika. Bila kufikiri, nikaipiga kofi mgongoni. Mama Taratibu akavua miwani taratibu.

"Na hiyo?"

"Hiyo ya TV, mama," nikajibu.