Mwezi Saba Haupatwi

Mwaka ule wa 1967 nilikuwa nauchukia mwezi mpevu. Maskati nzima ikiusifu, mimi nafunga dirisha. Mume wangu Mahfoudh, baada ya kuoa mke wa pili, aligawa mwezi mapande mawili: tangu uandame hadi kumi na nne yuko kwangu, ndani ya ukuta wa mji, kuanzia kumi na tano yuko kwa Hind, nje ya lango. Basi mwezi ukijaa tu, mimi nabaki na kitanda kitupu.

Hind alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimi miaka tisa sijajaaliwa. Nilimwonea wivu mpaka lile tumbo lake, wivu wa kuunguza, wala sioni haya kusema.

Jioni moja, mwezi saba, siku ya saba tangu uandame, Mahfoudh karudi kutoka msikitini kuswali magharibi, pakabishwa hodi. Alikuwa Bi Aliya, jirani yake Hind, anahema.

"Mahfoudh, mwanangu, mkeo analia! Mwezi umepatwa, nusu nzima ishaliwa! Anaogopa mtoto asije akatoka na baka. Anakwita."

Niliangua kicheko. Nikachungulia dirishani: nusu ya mwezi iko juu ya ngome, nyeupe, haina neno.

"Bi Aliya, mwezi saba ndio huwa nusu! Mwezi uliopita nao uliliwa?"

Lakini Mahfoudh keshaanza kutafuta viatu. Damu ikanichemka. Lango la mji lingefungwa usiku ule. Akitoka, harudi mpaka asubuhi. Na siku zile zilikuwa zangu!

"Kaa kwanza, bwana," nilimwambia. Nikaweka taa ukingoni mwa meza, nikachukua chungwa na ndimu.

"Taa ni jua. Chungwa dunia, ndimu mwezi." Niliipeleka ndimu nyuma ya chungwa. "Hapa tunauona mzima, na hapa tu ndipo kivuli cha dunia kinapoweza kuufika. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu." Nikaileta ndimu kati ya taa na chungwa. "Hapa mwezi umekwisha, hatuuoni. Ndipo unapoweza kuliziba jua."

"Mbona basi si kila mwezi?" aliuliza Bi Aliya.

"Njia yake imeinama kidogo. Mara nyingi hupita juu ya kivuli, au chini yake." Nikaiweka ndimu ubavuni. "Na leo upo hapa, pembeni. Kivuli kiko kule. Kitaufika vipi? Hind anakudanganya, Mahfoudh!"

"Nnajua," alisema.

"Unajua nini?"

"Yote hayo. Miye nami nimesoma skuli, Nasriya. Na mwezi nimeuona nilipotoka msikitini." Akavaa kiatu cha pili.

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kaniita."

Bi Aliya aliinamisha kichwa. Ndimu ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Wewe miaka tisa hujapata kuniita hata siku moja," alisema Mahfoudh, polepole, bila hasira. "Tangu nimuoe Hind, wanihisabia zamu tu."

Neno lilinijia mpaka kwenye ulimi. Usende. Nakutaka. Maneno mawili tu, na mlango alikuwa hajaufungua.

"Zamu yangu haijesha," nilimwambia.

"Haya," alisema, akatoka.