Mwaka Niliozaliwa

...na nikipiga simu chuoni watasema nini, watasema huyu mkunga gani asiyejua mwaka wake mwenyewe, kila siku anaandika tarehe za watoto wa wenzake, ya kwake imemshinda, lakini nisipopiga fomu itabaki hivyohivyo, 1985, kalenda yetu ya Ethiopia, iliyo nyuma miaka saba au minane, ndani ya fomu ya wageni, mjinga mimi, wakati kwa hesabu yao nimezaliwa 1993, kwa hiyo kwao leo nina miaka arobaini na mwisho wa kupokelewa ni thelathini na mitano, basi nafasi ya Nairobi imeota mbawa, mwaka mzima wa kusomea uzazi wenye matatizo umekwenda, na wanafunga maombi leo saa kumi, sasa ni saa nane na robo... "Zenebech, kahawa inapoa," anasema mama, nami nakunywa, chumvi au sukari hata sijui, "Huyu bintiyo amependa, Wude," anasema jirani yetu Asnakech huku anatafuna bisi, "tazama anavyoikodolea simu macho!" "Angependa ningecheza ngoma mpaka barabarani," anajibu mama, wanacheka, nami nacheka, hiki ni kikombe cha pili tu, cha tatu ndicho cha baraka na anayeondoka kabla yake ameitupa, siwezi kuinuka, au niseme nakwenda msalani, halafu mama atauliza mbona muda mrefu, halafu... wacha, Zenebech, wacha, juzi ulisema mtandao mbovu, jana ukasema ngoja kwanza nimuulize Etagegn anayejua Kiingereza, leo ni baraka ya kahawa, kesho utasema nini, kesho hakuna, na pengine watadhani nimeghushi, mbona pasipoti inasema hivi na fomu vile, watanifungia milele, jina langu litaandikwa mahali... mahali gani, nani ana daftari la wakunga waliokosea kalenda, nusu ya mji wetu wa Dessie ingekuwa humo! "Asubuhi nimemwona mume wa Alemitu," anasema Asnakech, na sauti inashuka, "mtoto anatambaa sasa," "Mungu amkuze," anasema mama, nami nilikuwamo ndani ya gari la wagonjwa siku ile alipojifungua, Alemitu alitutoka njiani kwenda hospitali kubwa, damu haikukatika, nami nilimshika mkono kwa sababu nilikuwa sijui la zaidi, wallahi sikujua, na wapo wanaolijua, wanalifundisha Nairobi... sasa sema kweli, Zenebech, walau humu kichwani ambamo hakuna anayesikia, ulipoliona lile kosa Jumamosi ulifanya nini, ulishtuka, ndiyo, halafu ukapumua, eeh, ulipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu sasa ungekataliwa na kalenda, si wewe, hakuna ambaye angejua kama unafaa au hufai, ungekaa hapa hapa na bisi zako ukisema laiti si mwaka ule, miaka kumi ungesema hivyo, na wanawake wakiendelea kushikwa mkono... aibu gani basi naiogopa, aibu ya simu ya dakika mbili? "Mwanangu, unaumwa?" anauliza mama, hata kupepea makaa ameacha, "Siumwi, mama, nawaza tu," "Kuwaza gani huko kunakokukunja uso, mawazo hayajawahi kuzaa mtoto," anadakia Asnakech, na mama anarudi kwenye makaa yake, birika bado halijachemka, kikombe kimo mkononi mwangu vilevile, na maji nimeshayavulia nguo sharti niyaoge, siendi msalani, simsubiri Etagegn, napiga hapa hapa wakinisikia wote wawili, Kiingereza kikivunjika kivunjike, nitasema jina langu Zenebech Wubishet, nina miaka thelathini na miwili, niliandika vibaya, nisahihishieni, na baada ya hapo mkinikataa, nikataeni mimi.