Kibali cha Njia ya Risaga

Mama yake Nyanchoka, Nyanchera, hakukodiwa na mtu kuichimba ile njia. Yeye na majirani zake waliishuka wakiichimba kwa majembe kutoka juu ya kilima, upande wa Magwagwa, mpaka mtoni, ili wagonjwa na magunia ya majani chai yapate pa kupita. Siku moja jiwe likamwangukia mguuni. Mpaka leo anachechemea.

Nyanchoka mwenyewe alikua akaishia kupenda pikipiki. Si ya kubeba abiria, la! Ya kushuka nayo kilimani kila Jumapili, matope mpaka kwenye meno, kwa raha zake tu. Watu walisema mwanamke yule kaingiwa na wazimu. Aliwacheka, akapiga kiki, akaenda zake.

Basi Jumapili moja akakuta gogo limelazwa njiani. Kando yake alisimama Ogari, jirani yao wa siku nyingi, kavaa koti jipya la njano.

"Ala! Ogari, nani kafa hapa?"

"Usinikasirikie, dada. Nimeajiriwa. Kuna klabu ya waendesha pikipiki imeongea na wenye mashamba. Unalipia kibali, unabandikiwa stika, unapita mwaka mzima. Ukianguka wanakuja kukubeba. Njia nayo itatunzwa. Kwani ubaya uko wapi?"

Nyanchoka aliona Ogari hakusema upuuzi. Mwaka jana yeye mwenyewe alianguka kwenye kona ya mtoni, akalala pale na mguu uliovimba mpaka wachuma chai walipomwona. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta pesa alipoinua macho akaona ubao umepigiliwa mtini: NJIA YA RISAGA. KIBALI LAZIMA.

Mkono ukatoka mtupu.

"Risaga?" alisema. "Wamethubutu kuandika risaga?"

Kila mtu wa pale analijua neno hilo. Majirani wanakuja na majembe shambani kwako, kesho nawe unakwenda kwao. Halipi mtu, halipwi mtu. Asiyetokea akiitwa, siku yake ikifika atalima peke yake. Na sasa watu waliokuwa hawajui hata mpini unashikwaje wamelichukua jina, wakalipigilia mtini, wakaanza kuuza mlango! Nyanchoka aligeuza pikipiki, na hasira zake zilisikika kwenye injini mpaka nyumbani.

"Lipa tu, mwanangu," mama yake alimwambia. "Utagombana na kila mtu?"

"Nitagombana na mmoja. Jembe lako liko wapi?"

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kufungua njia. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Wageni wa Nairobi na wa Kisii mjini walijipanga na pikipiki zinazong'aa, kila moja na stika yake, lakini hakuna aliyekwenda popote. Hatua chache baada ya gogo, ukingo ulikuwa umeporomoka, udongo umeziba njia. Mwenyekiti wao, Duncan, mtoto wa Mkisii aliyelelewa Nairobi, alikuwa kwenye simu akimbembeleza mkandarasi. Mkandarasi alisema Jumanne.

Nyanchoka akafika, jembe limefungwa nyuma ya kiti.

"Madam, kibali?" Duncan aliuliza.

"Hiki hapa." Akalifungua jembe.

Wageni wakacheka. Ogari hakucheka.

"Nimesikia habari zako," Duncan alisema kwa upole. "Mama yako alichimba hapa. Sikiliza, wewe usilipe. Nitakupa stika ya bure, ya maisha."

"Ya bure!" Nyanchoka alimkaribia. "Unipe bure njia iliyomvunja mama yangu mguu? Shika adabu yako, Duncan. Ubao wako umesema nini?"

"Njia ya Risaga. Ni jina zuri tu, la kwetu."

"La kwetu, eeh? Basi nyumbani hawakukufundisha. Risaga hailipiwi. Mnataka pesa, ng'oeni hilo neno mbele ya macho yangu, muite njia yenu chochote mnachotaka. Mnataka neno, basi lipeni inavyolipwa."

Duncan aliutazama ubao, akautazama udongo, akawatazama wenzake ambao sasa walikuwa wakichezea klachi. Uso ulimwiva. Pengine alimkumbuka bibi yake. Pengine alichoka tu na aibu. Akavua glavu zake.

"Lete hilo jembe," alisema.

Alilima vibaya, jamani! Alipiga mawe, akajirushia tope machoni, akashika mpini kama anashika nyoka. Nyanchoka alimsahihisha kwa kelele, bila huruma. Ogari alivua koti la njano akakimbia nyumbani, akarudi na majembe ya majirani na majirani wenyewe. Wageni wakashuka mmoja mmoja. Nyanchera naye akaja akichechemea, akaketi juu ya gogo, akawa anawaonyesha pa kupitishia maji.

Udongo ulipokwisha, viganja vya Duncan vilikuwa vimetoka malengelenge. Akaenda kwenye pikipiki yake, akasita, kwa sababu Nyanchera alikuwa bado kakalia gogo.

"Onyesha mikono," mama yule alimwambia.

Duncan akaifungua. Nyanchera aliitazama kwa makini, moja baada ya nyingine, kisha akajiinua.

"Mfungulie," alimwambia binti yake. "Huyu ana kibali."