Mwiko wa Yustina

Mughwai alikuwa anachanganya saruji na mchanga, suruali kaikunja magotini, Martina binti yake alipoingia kwenye jiko jipya la shule na mwiko begani. Ulikuwa wa marehemu mama yake, Yustina, mrefu kama mchi, wa kusongea ugali wa shule nzima.

"Simama pale kwenye jiko," baba alimwambia. "Songa kama unasonga kweli."

Martina akainamia sufuria tupu, akasukuma mwiko, akauvuta. Kiwiko kikagonga ukuta mpya wa stoo. Akarudi nyuma apate nafasi, mgongo nao ukagota.

"Ndivyo alivyobanwa mama yako."

Katika jiko la zamani Yustina alirukiwa na ugali wa moto, akakosa pa kurudi nyuma. Maji ya baridi yalikuwa nje. Bodaboda ilimfikisha hospitali Singida Mjini, hakurudi. Wakubwa walileta mchele na pole, kisha wakaleta ramani ileile ya jiko.

Calist, msimamizi wa ujenzi, alisimama mlangoni akipangusa vumbi kwenye viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huu ukuta tuusogeze, mwanangu. Saruji bado mbichi."

"Stoo itapungua, mzee. Ramani imetoka juu, mimi nani niiguse? Na kesho mgeni anakuja kuzindua."

"Huyo mgeni ndiye atakayesonga ugali?"

Calist akacheka. "Mzee bwana. Kiwiko kikigonga si mnakata mpini wa mwiko? Au Martina aseme hawezi. Wanaoitaka hii kazi wamejaa tele hapo nje."

Martina alimtazama baba yake. Alizeti ilikaukia shambani mwaka huu, na ghala la mtama walishalifagia.

"Kata tu, baba."

Mughwai akachukua msumeno. Aliulaza mwiko juu ya tofali, akaukanyaga, akakata palepale palipolainishwa na viganja vya mkewe. Kipande kilipodondoka alikiokota, akakitia ndani ya koti.

Martina akasonga tena. Kiwiko hakikugonga. Ila sasa ilimbidi ainame mpaka uso ukawa juu kabisa ya mdomo wa sufuria.

"Si mnaona?" Calist alisema. "Umeenea. Haya, pigeni lipu."

Mughwai akaweka msumeno chini. Alitoka, akarudi na ndoo ya maji ya baridi ili aiweke karibu na mwanawe. Akaijaribu huku, akaijaribu kule. Haikupata pa kukaa. Akabaki ameishika.