Mkono Kwenye Mgongo wa Kitabu

"Leo tena, bibi? Utanunua, au umekuja kushikashika vitabu tu?"

Zeferino aliuliza bila kuinua macho. Kisu chake kiliteremka kando ya mgongo wa kitabu, jalada la mbele likabaki mkononi mwake. Kurasa na jalada la nyuma alivitupa kwenye boksi chini ya meza.

Deolinda alizunguka meza ya vitabu vya zamani, akarudi, akazunguka tena. Tangu mikahawa ya Lisboni ianze kutundika majalada ya zamani ukutani, alikuwa hatulii. Kila Jumamosi alipanda kilima hadi sokoni kuangalia kama kisu kimefikia kazi yake.

Leo kilikuwa kimeifikia. Mteja mmoja, mwanamke mwenye mkahawa kule bondeni, alikuwa amekishika kitabu chenyewe; kwenye jalada la mbele mwanamke wa koti jekundu anaondoka, ametupa kisogo. Deolinda alilichora jalada hilo ujanani, kwa wino mweusi na mwekundu tu, maana mchapishaji hakutaka kulipia rangi ya tatu. Jina lake halikuwekwa popote. Siku zile wachora majalada hawakutajwa, kama wafagiaji wa ofisi.

"Nachukua hili," mteja alisema. "Kwenye fremu nyembamba. Ila hapa pembeni pana madoa mawili. Yakate."

"Nitakata, dada. Hutajua yalikuwepo."

"Si madoa," Deolinda alisema.

"Bibi, nakuomba. Juzi juzi tu umenifukuzia mtu."

"Ni vidole."

"Vya nani? Vya mla sardini aliyeacha mafuta?" Zeferino alicheka, akanyoosha mkono apewe kitabu.

Deolinda akamwahi, akakichukua mkononi mwa mteja. Alikifungua katikati, akakilaza kifudifudi mezani, akakikandamiza kwa viganja viwili, kama alivyofanya zamani mbele ya bosi aliyemuuliza kwa nini anapoteza wino upande wa nyuma. Kwenye jalada la nyuma alisimama mwanamume wa suti nyeusi. Mkono wake ulivuka mgongo wa kitabu, na ncha za vidole viwili zikatokea mbele, karibu kabisa na lile koti.

Mteja aliinama.

"Anamvuta, au anamwachia?"

"Hata nilipokuwa namchora sikujua."

Kisu kilisimama hewani. "Nani alichora?" Zeferino aliuliza. "Wewe?"

"Una fremu ya upana huu, au huna?" Deolinda aliuliza.

Zeferino alimtazama, kisha mteja, kisha kitabu. Akakitia kisu mfukoni, akapiga magoti nyuma ya meza, akaanza kupekua.

"Nyembamba," alinung'unika. "Hii nayo nyembamba. Nani alijua watu wa zamani wanachora kwa upana?"

Upepo ulipanda kutoka mtoni, ukaingia chini ya kurasa. Mgongo wa kitabu ukainuka kidogo, mkono uliochorwa ukajikunja, vidole vikasogea kwenye koti, kisha vyote vikalala tena. Deolinda aliweka kiganja chake karibu na kitabu, bila kukigusa.